SINEMA NA KINYWAJI CHAKE: WATAZAMAJI WA UNGUJA NA SOMO WALILOTUACHIA

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, katika shule ninayofundisha hapa Uganda, aliwahi kuniuliza swali ambalo halijanitoka moyoni. Siku hiyo nilikuwa nimefundisha hali ya kuamuru, nikawataka wanafunzi watunge sentensi zao wenyewe. Nilipozikusanya nikaona nyingi zilikuwa za namna hii: "Kaa chini." "Toka hapa." "Lete kitambulisho." Ndipo kijana huyo akanyosha mkono akasema, "Samahani, Mwalimu. Wenye Kiswahili wanapotaka kufurahi, hufurahi kwa Kiswahili au hutafuta lugha nyingine?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Chanzo cha swali hilo sote tunakijua. Nchini kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu zama za King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini katika miaka ile ya utawala wake, 1971 hadi 1979, raia wengi walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, sheria huweza kuipa lugha cheo, haiwezi kuipa mapenzi. Mtoto ambaye babu yake alisimulia habari za kizuizi hawezi kuondolewa hofu kwa kifungu cha Katiba.

Nimeona vyema basi nimjibu kijana yule kwa njia ya historia, na historia niliyoichagua ni ya jambo dogo linalodharauliwa na wasomi: desturi ya watu wa kawaida kwenda sinema jioni, na vile walivyovinywa na kuvila walipokwenda huko. Mfano wangu ni mji wa Unguja, kwa kuwa huko desturi hiyo ilikaa muda mrefu na habari zake zinajulikana vizuri.

MANENO YENYEWE

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kuanza na maneno. "Sinema" asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mwendo, nalo limetufikia kwa kupitia lugha za Ulaya. "Filamu" tumeitoa katika Kiingereza. Watazamaji wetu hawakukopa tu, bali waliunda na ya kwao. Mchezaji mkuu wa filamu walimwita "steringi", na anayepambana naye wakamwita "adui". Mtu aliyenunua tikiti nyingi mapema akaziuza mlangoni kwa bei ya juu aliitwa "mlanguzi", na neno hilo baadaye tulilisikia sana katika habari za sukari na khanga wakati wa uhaba.

Upande wa vinywaji, neno "mvinyo" ni urithi wa Wareno, ambao huita kinywaji hicho "vinho". Neno "kahawa" nalo lina hadithi ya ajabu. Limetokana na Kiarabu, "qahwa", na katika Kiarabu cha kale neno hilo lilikuwa moja ya majina ya mvinyo kabla halijahamishiwa kinywaji cha buni. Kwa hiyo anayeagiza kahawa barazani, ajue asijue, anatamka jina la kale la mvinyo. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwani tutalirudia.

DESTURI YA WENZETU

Katika nchi tajiri siku hizi yako majumba ya sinema ambamo mtazamaji huletewa chakula na vileo kitini pake. Mojawapo mashuhuri, Alamo Drafthouse, lilifunguliwa mwaka 1997 katika mji wa Austin, jimbo la Texas, nchini Marekani. Wako hata wanaochagua mvinyo wa kufuatana na filamu: mwekundu mzito kwa hadithi ya msiba, mweupe mwepesi kwa mchezo wa kuchekesha. Wameiga kanuni ya mezani. Mvinyo wenye ukali hukata mafuta ya nyama, na wenye utamu huufaa mlo wenye chumvi. Kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake.

Afrika Mashariki mambo hayakuwa hivyo. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulizuia vileo vikali vya biashara visiingizwe katika sehemu kubwa ya bara letu, na sheria za kikoloni kwa muda mrefu zilimkataza Mwafrika asinunue vinywaji vya chupa vya Kizungu. Mvinyo wa kwetu wenyewe ulichelewa kupatikana. Zabibu za Dodoma, ambazo leo ni fahari ya Tanzania, zilianza kustawishwa na wamisionari katikati ya karne ya ishirini. Tena Unguja ni mji wa Waislamu. Kwa sababu hizo zote, sinema ya Unguja ilikua bila kileo. Jambo hilo, ambalo mgeni angeliona kuwa ni upungufu, ndilo lililoipa heshima yake.

MAJUMBA YA UNGUJA

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, picha za mwendo zilizungushwa na wafanyabiashara waliosafiri na mitambo yao kutoka bandari hadi bandari. Baadaye yakaja majumba. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Hassanali Jariwalla, ambaye sinema yake ya kwanza mjini watu waliiita "Sinema ya Bati". Mwaka 1921 likafunguliwa jumba la fahari, Royal, lililochorwa na John Sinclair, mtumishi wa serikali ya Kiingereza ambaye alama za mkono wake bado zimo katika majengo mengi ya mji huo. Royal baadaye likaitwa Majestic. Liliteketea kwa moto mwaka 1954, na badala yake likajengwa jumba jipya lililofunguliwa mwaka 1955. Wakati huo mji ulikuwa pia na Empire na Sultana. Kwa mji mdogo kama Unguja, kuwa na majumba matatu ni ushahidi wa mapenzi makubwa.

Waliokuwa wakiingia humo walikuwa ni nani? Hapa ndipo historia ya Unguja inapotofautiana na ya nchi nyingine. Afrika Kusini na Rhodesia watu walitengwa kwa rangi, na katika Kongo ya Wabelgiji serikali ilichagua filamu ambazo wenyeji waliruhusiwa kuziona. Unguja kilichomtenga mtu na mtu kilikuwa bei ya tikiti. Viti vya mbele karibu na kiwambo vilikuwa vya wenye senti chache na vijana wenye makelele, na vya nyuma na vya juu vilikuwa vya wenye nafasi. Lakini wote waliingia katika jumba moja, taa zikazimwa kwa wote, na machozi yaliyotoka gizani hayakuulizwa ni ya Mhindi, ya Mwarabu, ya Mshirazi wala ya Mbara.

Wanawake nao walikuwamo. Yalikuwapo maonyesho ya mchana kwa ajili ya wanawake peke yao, na wengi waliokaa utawa waliyahudhuria wakiwa wamevaa mabuibui yao, pamoja na mashoga na watoto. Jumapili familia nzima zilitoka kwenda kuona filamu ya Kihindi, na sikukuu za Idi watoto walizitumia pesa zao za sikukuu mlangoni mwa sinema. Tujiulize: je, mume au mzazi wa Kizanzibari wa wakati ule angalimruhusu mkewe au bintiye kwenda mahali panapouzwa pombe? Sidhani. Kukosekana kwa kileo ndiko kulikofungua mlango kwa nusu nzima ya mji.

KAHAWA MAHALI PA MVINYO

Miaka kadhaa iliyopita nilijaliwa kufika Unguja pamoja na walimu wenzangu wawili. Jioni moja tulikaa kwenye baraza ya saruji katika njiapanda iitwayo Jaws Corner, ambayo jina lake limetokana na filamu ya Kimarekani ya mwaka 1975 inayohusu papa mla watu. Hapo wanaume hunywa kahawa, hucheza bao na kuzungumza siasa. Muuza kahawa alikuwa na mdila wake wa shaba juu ya makaa, na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ilikuwa chungu kabisa, bila sukari, nasi tuliinywa kwa kashata.

Nilimwamkia mzee aliyekaa kando yangu. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, mwanangu. Mnatoka wapi?" Nikamwambia kwamba tunatoka Uganda, ni walimu wa Kiswahili. Akatabasamu akasema, "Basi mmekuja nyumbani." Tukaingia katika mazungumzo, nami nikamwuliza habari za Majestic. Alisimulia mpaka kahawa ikapoa. Nilipomwuliza walikunywa nini walipokwenda sinema, alisema kwamba nje ya mlango palikuwa na njugu, bisi, sambusa na sharubati, na kila mtu alinunua kwa kadiri ya mfuko wake. Kisha akaongeza maneno ambayo niliyaandika daftarini usiku ule ule: "Lakini filamu haikwisha mle ndani, Mwalimu. Ndani unaiona tu. Kuielewa, unakuja kuielewa kahawani."

Maana ya maneno yake ni hii. Filamu zilizopendwa zaidi zilikuwa za Kihindi, na wengi wa watazamaji hawakukijua Kihindi. Waliona nyuso, nguo, machozi na ngoma, wakapata sehemu tu ya maneno kwa majirani waliofahamu. Onyesho lilipomalizika, watu walikwenda barazani, na huko aliyeelewa zaidi akamsimulia aliyeelewa kidogo. Mmoja alikumbuka wimbo, mwingine akabisha juu ya mwisho wa hadithi, wa tatu akafananisha na kisa cha mtaani. Filamu ya Bombay ikawa hadithi ya Kiswahili. Kahawa chungu ilikuwa na kashata yake, na tamasha tamu lisiloeleweka lilikuwa na mjadala wake. Hii ni kanuni ile ile ya wanywaji wa mvinyo, kwamba kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake, ila wenzetu waliifuata kwa kinywaji kilichorithi jina la mvinyo bila ulevi wake.

FILAMU NA MASWALI YAKE

Tusidhani kwamba mijadala hiyo ilikuwa porojo tupu. Chukua filamu ya "Awaara" ya mwaka 1951, iliyotengenezwa na Raj Kapoor, ambaye mwenyewe ndiye steringi pamoja na Nargis. Hakimu mmoja anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Jambazi anamlipiza kisasi, na hakimu, kwa shuka ya bure, anamfukuza mkewe mjamzito. Mtoto anazaliwa katika dhiki, analelewa na jambazi yule yule, anakuwa mwizi, na mwishowe anasimama mahakamani mbele ya baba yake. Swali la filamu ni moja: mtu huharibiwa na damu yake au na malezi yake?

Mswahili anayo methali iliyo tayari: mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini anayo pia ya pili: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. "Awaara" ilizipambanisha methali hizo mbili mbele ya macho ya watu, na barazani kila mmoja akalazimika kuchagua upande. Hali kadhalika "Mother India" ya mwaka 1957, kazi ya Mehboob Khan, ambamo mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili kuilinda heshima ya msichana wa kijiji. Alifanya haki au alifanya ukatili? Mzee wangu wa Jaws Corner alikuwa bado ana hasira na mama yule, baada ya miaka yote hiyo. "Mtoto ni mtoto," alisema, na jirani yake akambishia palepale.

Matunda mengine yakaota katika muziki. Watunzi wa taarabu wa mwambao walizichukua sauti za nyimbo za filamu wakazitia mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa kazi za namna hiyo. Wako waliomlaumu kwa kuiga. Mimi nasema mtu hutia maneno yake katika chombo anachokipenda, na lugha isiyoweza kuchukua cha mgeni ikakifanya chake ni lugha iliyochoka.

Linganisha hayo na jaribio la wakubwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mpango uliotengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya, kodi na kuweka akiba, ukazizungusha kwa gari katika nchi zetu, Uganda ikiwamo. Filamu hizo zilikuwa na nia ya kufunza, lakini zilimsemesha mtazamaji kama mtoto. Watu walizitazama kwa kuwa zilikuwa za bure, lakini zilizowafanya walipe na kurudi tena na tena zilikuwa zile zilizowaachia swali la kubishania.

KUZOROTA KWAKE

Sipendi kuipaka sukari historia hii. Walanguzi waliwaonea wanyonge, na wako wazee waliolalamika kwamba vijana wanaiga uhuni. Wengi wa mashamba hawakuwa na nauli wala tikiti. Na kukaa pamoja gizani hakukuuzuia mji usigawanyike: Mapinduzi ya Januari 1964 yalimwaga damu, yakawaondoa wengi waliokuwa wakiketi katika viti vile. Serikali ikayatwaa majumba, na Sultana ikabadilishwa jina ikawa Cine Afrique. Watu waliendelea kuingia. Upande wa bara, Dar es Salaam ilikuwa imejipatia mwaka 1966 sinema ya magari, ambako familia zilikwenda na vyakula vyao na mikeka. Mahali hapo leo hapana sinema tena, bali ubalozi wa Marekani.

Kilichoyaua majumba hakikuwa kimoja. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1974, mapema kuliko ya Tanzania Bara, iliyosubiri mpaka mwaka 1994. Fedha za kigeni zikawa haba, filamu mpya zikachelewa, mitambo ikachakaa bila vipuri. Miaka ya 1980 kanda za video zikaingia nyumba kwa nyumba. Jumba moja baada ya jingine likafunga milango. Nilipoliona Majestic lilikuwa gofu, ingawa wapenzi wa mji hawajaacha kufanya bidii ya kulifufua. Kilichobaki hai ni tamasha la filamu la nchi za jahazi, ambalo tangu mwaka 1998 huwakusanya watazamaji katika Ngome Kongwe.

NASI HUKU UGANDA

Kwetu historia ilikwenda njia nyingine. Wengi wa wenye majumba ya sinema walikuwa Waasia, na mwaka 1972 Amin aliwafukuza, akawapa siku tisini tu. Sinema ya Norman mjini Kampala ikaja kuwa kanisa katika miaka ya 1980. Watoto wa rika langu hatukuyajua majumba. Tulikijua kibanda: mabenchi, turubai, jenereta inayonguruma nje, na televisheni moja juu ya meza. Karibu yake aliketi mtu mwenye kipaza sauti akitufasiria kwa Kiganda, akitia vichekesho vyake mwenyewe kiasi kwamba wakati mwingine yeye alipendwa kuliko steringi. Dar es Salaam nako walikuwapo wafasiri wa namna hiyo kwa Kiswahili, na jina la Lufufu halijasahaulika.

Nilipofikiri sana nikatambua kwamba mfasiri wa kibandani na mzee wa kahawani walikuwa wakifanya kazi moja. Wote wawili walikipokea kisichoeleweka wakakirudisha kwa watu katika lugha yao, kwa furaha. Tofauti ni kwamba mimi niliipata furaha hiyo kwa Kiganda, na Kiswahili nikaachiwa kizuizini. Kosa halikuwa la lugha, bali la mahali tulipokutana nayo. Na hapa "Awaara" ilikuwa ikinizungumzia mimi: lugha nayo hukua kwa malezi.

HITIMISHO

Niliporudi shuleni, sikumjibu kijana yule kwa hotuba. Nilitenga vipindi viwili. Katika cha kwanza niliwasimulia kisa cha "Awaara" kwa Kiswahili chepesi, nikasimama palepale hakimu anapomtambua mwanawe. Katika kipindi cha pili tulichemsha chai, kwa kuwa kahawa ilitushinda bei, tukapanga viti mviringo, nikaandika ubaoni zile methali mbili. Nikasema kwamba asiyebisha hapati kikombe. Walibisha kwa makosa mengi ya ngeli na ya nyakati, nami nilijizuia nisiyasahihishe mpaka mwisho. Kengele ilipolia hawakuondoka.

Ndugu walimu, hatuna Majestic, na wengi wetu hatuna hata kibanda. Lakini jambo lililoifanya sinema ya Unguja kuwa shule ya lugha halikuwa jengo. Lilikuwa ni desturi ya kukaa pamoja baada ya onyesho, kinywaji kikiwa mkononi, kila mtu akiwa na haki ya kusema alivyoona. Desturi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji hadithi yenye swali ndani yake, na mwalimu mwenye subira ya kusikiliza.

Wiki iliyofuata niliwapa tena zoezi la hali ya kuamuru. "Toka hapa" bado ilikuwamo, maana yaliyozoeleka hayaondoki kwa siku moja. Lakini katika daftari la kijana yule niliona sentensi tatu mpya: "Karibu kiti." "Ongeza chai." "Nisimulie ilivyokwisha." Nikazitia alama ya sahihi zote tatu.